Kaseti si betri, usiianike

"Fundi, niianike kwa saa ngapi?" Mzee wa Liboi aliniuliza hivyo juma lililopita, mkononi kaseti ya dakika 90 yenye jina la mwimbaji Magool kwa kalamu ya bluu. Swali hilo nimelijibu Garissa, nimelijibu Dadaab, na sasa nimechoka kulijibu kwa mtu mmoja mmoja. Adeer, ami yangu, usiianike hata dakika moja.

Nalisema kwa ukali kwa sababu najua kilichomo. Enzi za Rais Siad Barre muziki mwingi wa Somalia ulikuwa chini ya serikali, na rekodi rasmi zilikaa kwenye rafu za redio. Usiku wa ukumbini, kundi la Waaberi likiwa jukwaani, ulinaswa na mtazamaji aliyepakata tepu rekoda yake. Kaseti hiyo ikadurufiwa, nakala ikazaa nakala, na mwaka 1991 nyingine zikavuka mpaka hapa Liboi, upande wa Kenya, kwenye mizigo ya wakimbizi. Yako huenda ndiyo pekee iliyobaki ya usiku ule.

Habari ya jua imetoka kwenye betri. Betri kavu ikipata joto, kemikali zilizosalia huchangamka na tochi huwaka kidogo tena. Ndani ya kaseti hakuna kitu kinachosubiri kuamshwa. Sauti ni mpangilio wa sumaku kwenye unga wa oksidi ya chuma, uliogandishwa kwa gundi juu ya utepe wa plastiki. Iweke juu ya bati saa saba mchana: ganda linapinda, magurudumu yanakwama, utepe unajikunja. Baya zaidi, joto huharakisha sumaku ya mzunguko mmoja wa utepe kujichapa kwenye mzunguko wa jirani. Ukiicheza, unamsikia mwimbaji kwa mbali kabla hajafungua kinywa, kama mtu aliye chumba cha pili. Kivuli hicho hakisafishiki kikaisha. Na kaseti ya dakika 90 utepe wake ni mwembamba kuliko wa dakika 60, kwa hiyo hudhurika upesi.

Vijana hunijibu kwamba wazungu huoka tepu. Kweli, huoka. Huoka rili kubwa za tepu za studio, hasa za miaka ya 1970 na 1980 kama Ampex 456, ambazo gundi yake ilinyonya unyevu ikawa inanata. Huziweka kwenye joto la nyuzi 50 hivi, linalopimwa kwa saa nyingi, ili zinakiliwe haraka kabla hazijanata tena. Kaseti za kawaida ni nadra kuugua ugonjwa huo, na bati la Liboi halina kipimajoto. Friji nayo muisahau: ukitoa kaseti humo, mvuke hugeuka maji juu ya utepe.

Kaseti ya yule mzee niliifungua palepale. Kile kipande kidogo cha sufu kinachoukandamiza utepe kwenye hedi, sehemu ya mashine inayosoma utepe, kilikuwa kimebanduka, kinachezacheza ndani ya ganda. Ndiyo maana sauti ilikuwa inafifia na kurudi. Utepe wenyewe ulikuwa mzima kabisa, naye alikuwa anakwenda kuuchoma.

Basi fanyeni hivi. Tafuta kaseti isiyo na thamani iliyofungwa kwa skrubu, uhamishie utepe ndani yake. Futa hedi ya mashine kwa pamba yenye spiriti, usiguse utepe. Jaribu mashine kwa kaseti ya kutupa kwanza. Peleka utepe mbele hadi mwisho na urudishe mara moja. Vunja vile vidole viwili vya mgongoni ili usirekodi juu yake kwa bahati mbaya. Zungusha kidogo skrubu ya pembeni mwa hedi mpaka herufi "s" isikike kali. Nakili kwenye kompyuta kwa WAV, si MP3, na nakala ya pili ikae nyumba nyingine. Kaseti yenyewe isimame wima chumbani penye baridi, mbali na spika. Mwanzoni mwa nakala taja kwa sauti yako ukumbi, mwaka, na aliyekupa. Makofi, kikohozi na mtoto anayelia nyuma msivikate.