Joto la Ghalani Latoka Wapi?



Mtunza ghala atiaye mkono wake ndani ya rundo la mahindi yaliyopokewa yakiwa na unyevu hukuta, baada ya siku chache, kwamba mahindi hayo yana joto kuliko hewa iliyomo ghalani. Moto haukuwashwa, wala jua halikuingia. Je, joto hilo limetoka wapi? Swali hili si la darasani tu. Jibu lake lahusu mali ya wanachama, na hata uhai wao.

Kila kitu kimeundwa kwa chembe ndogo sana ziitwazo atomu, nazo zimeshikana kwa vifungo. Katika badiliko la kikemia, ambalo wataalamu huliita mmenyuko, vifungo vya zamani huvunjwa na vipya hufungwa. Kuvunja kifungo ni matumizi ya nishati. Kufunga kifungo ni mapato. Basi hesabu hii haina tofauti na hesabu za chama. Mapato yakizidi matumizi, ziada hutoka nje kwa namna ya joto, na huo ndio mmenyuko unaotoa joto. Matumizi yakizidi mapato, nakisi hulipwa kwa joto linalochukuliwa kutoka nje, na huo ni mmenyuko unaofyonza joto. Nishati yenyewe haizaliwi wala haipotei, huhama tu. Tena, kama biashara yenye faida inavyohitaji mtaji wa kuanzia, ndivyo kuni zisivyowaka mpaka zitiwe moto kwanza, ingawa baadaye hutoa joto jingi.

Mfano ulio wazi ni chokaa, iliyotumika kujenga nyumba za mawe za Kilwa, Lamu na Unguja. Mawe ya chokaa au matumbawe huchomwa tanurini kwa moto wa kadiri ya nyuzi 900 za Sentigredi. Kilo 100 za jiwe safi huacha kilo 56 za chokaa isiyozimwa. Kilo 44 huondoka zikiwa hewa ya kabonidioksidi. Mmenyuko huu hufyonza joto, ndiyo maana tanuri hula kuni nyingi. Moto ukilegea kabla ya wakati, jiwe hubaki jiwe.

Sehemu ya joto lile hukaa ndani ya chokaa kama akiba. Fundi anapoitia majini ili kuizima, akiba hiyo hutolewa: maji huchemka na mvuke hupanda. Kilo moja ya chokaa safi isiyozimwa hutoa joto linalotosha kuchemsha zaidi ya lita 3 za maji ya nyuzi 20. Kwa hiyo, kuiweka chini ya paa linalovuja, kando ya magunia matupu, ni kuweka moto ghalani.

Kinyume chake huonekana mkulima anapoyeyusha urea: ndoo hupoa mikononi mwake. Kuyeyuka huku si mmenyuko kamili, kwa kuwa urea hubaki urea. Lakini nakisi hulipwa vivyo hivyo, kwa joto la maji.

Sasa turudi kwenye mahindi. Shambani, mmea ulifyonza nishati ya jua ukatengeneza sukari na wanga. Ghalani, punje pamoja na ukungu na wadudu hupumua, na akiba ile hutumika. Kilo moja ya sukari ikitumika yote kwa njia hii, hutoa joto la kuchemsha zaidi ya lita 40 za maji, pamoja na gramu 600 za maji. Hapo ndipo hatari ilipo. Maji hayo huongeza unyevu, unyevu huongeza kupumua, na kupumua huongeza joto. Punje kavu hupumua polepole mno, hata joto lake hutawanyika bila madhara.

Mahindi kwa kawaida huoza kabla ya kuwaka. Mbegu za pamba na mbata ni hatari zaidi, kwani mafuta yake huungana na oksijeni na kutoa joto jingine, hata huweza kuwaka zenyewe. Lakini mahindi yasiyowaka nayo huua. Mwaka 2004, mashariki ya Kenya, hasa Makueni na Kitui, watu 125 walikufa kwa kula mahindi yenye sumukuvu, sumu itokanayo na ukungu. Kupika hakuiondoi.

Kuna na suala la mizani. Mahindi yanayopumua hupungua uzito, nayo yanayokauka hupungua zaidi. Basi kamati isimshutumu mtunza ghala kabla ya kupima unyevu wa siku ya kupokea na wa siku ya kutoa. Lakini pia mtu asijifiche nyuma ya elimu hii: kupumua hakumalizi magunia mazima.

Vyama vyashauriwa yafuatayo:

1. Mahindi yasipokewe yakiwa na unyevu unaozidi asilimia 13.5, na kipimo kiandikwe daftarini.

2. Magunia yapangwe juu ya vichanja, mbali na kuta, ili hewa ipite.

3. Joto la katikati ya rundo likaguliwe kila juma. Likipanda, rundo lifunguliwe na mahindi yaanikwe mara moja. Yaliyoota ukungu yasiuzwe wala kuliwa.

4. Matambara yenye mafuta ya kupaka mbao yasirundikwe ghalani.

5. Chokaa isiyozimwa iwe na chumba chake kikavu. Anayeizima aitie majini kidogo kidogo, wala asiimwagie maji, na akinge macho yake.

Joto halitokei bure. Kila linapopanda ghalani, kuna akiba ya mwanachama inayotumika bila idhini yake.