Je, Wajua Kitotoleshi cha Samaki Kinavyoendeshwa?

Kitotoleshi ni kituo ambako samaki wazazi hutunzwa ili watage, mayai huanguliwa, na vifaranga hulelewa hadi wafae kupandwa katika mabwawa ya wafugaji. Nchini Tanzania vipo vituo vya Serikali vya kazi hiyo, kama vile Kingolwira mkoani Morogoro, Ruhila huko Songea na Mwamapuli wilayani Igunga, na vipo pia vya watu binafsi. Vinapishana kwa ukubwa, lakini mambo ya kusimamiwa kila siku ni yaleyale: maji, wazazi, mayai, chakula, kumbukumbu na watu wenyewe wanaofanya kazi.

Bonde la mto Pangani lina nafasi ya pekee katika historia ya kazi hii. Ufugaji wa samaki Tanganyika huhesabiwa kuwa ulianza mwaka 1949, pale majaribio ya kufuga perege yalipofanyika Korogwe, ndani ya bonde hilo mkoani Tanga, na Malya, mkoani Mwanza. Mabwawa mengi yalichimbwa, kisha yakaachwa. Ukame ulichangia, na miundombinu mibovu pia, lakini sababu zinazotajwa mwanzo ni usimamizi mbaya na utaalamu usiofaa. Kampeni ya taifa ya ufugaji wa samaki ya mwaka 1967 nayo ilikwamia papo hapo, kwenye usimamizi. Kilichobaki Korogwe ni jina. Mwaka 1955 mtaalamu wa samaki kutoka Uingereza, Rosemary Lowe, alieleza kwa mara ya kwanza katika maandishi ya sayansi aina mpya za perege wa Ziwa Jipe na mto Pangani. Mmoja wao hadi leo huitwa Oreochromis korogwe.

Makuyuni, kata ya wilaya hiyohiyo ya Korogwe, ina jina lenye kidokezo cha jambo la kwanza ambalo kitotoleshi hulihitaji. Makuyu ni matunda ya mkuyu, mti unaopenda kumea kandokando ya mito na penye maji chini ya ardhi. Kituo hujengwa penye maji yasiyokatika mwaka mzima, juu ya usawa wa mafuriko, na penye udongo wa mfinyanzi. Udongo hupimwa kwa mkono: donge bichi hufinyangwa, hurushwa juu na kudakwa. Likibaki zima, bwawa litashika maji. Likisambaratika, mchanga umezidi. Upande wa Handeni, wilaya jirani, ambako malambo hukauka kiangazi kikikaza, kipimo cha maji ya msimu wa ukame hutangulia kipimo kingine chochote.

Siku ya kazi huanza kabla ya jua kuchomoza, na ipo sababu. Mchana mimea midogo iliyomo majini hutengeneza oksijeni kwa mwanga wa jua. Usiku haitengenezi, ila huivuta kama samaki wanavyoivuta. Kwa hiyo oksijeni huwa chini kabisa alfajiri. Perege hustawi ikiwa miligramu 5 kwa lita au zaidi. Ikishuka chini ya 2 wamo hatarini. Dalili yake huonekana kwa macho: samaki hupanda juu, midomo ikifunguka na kufumba kwenye uso wa maji, na hawashtuki hata mtu akikaribia. Mlinzi wa usiku anayeijua dalili hiyo, akafungulia maji mapya papo hapo, huokoa uzao wa miezi. Ndiyo maana mlinzi wa kitotoleshi hufundishwa kuyasoma maji pamoja na kulinda lango.

Baada ya oksijeni hupimwa joto. Perege hupenda nyuzi 25 hadi 30 za Selsiasi. Chini ya 20 hula kidogo na hawazaani. Kisha rangi ya maji: mkono huzamishwa mpaka kiwiko, na kiganja kikionekana waziwazi, chakula cha asili ni kidogo, kikipotea kabla maji hayajafika nusu ya mkono, maji yamerutubishwa kupita kiasi.

Wazazi hukaa katika matangi au vizimba vya chandarua laini, dume mmoja kwa majike wawili au watatu. Jike wa perege wa kundi la Oreochromis hutaga, kisha huyakusanya mayai kinywani na kuyaatamia humo bila kula. Kila baada ya siku chache watumishi huwavuta wazazi upande mmoja wa kizimba. Jike hushikwa kwa mkono uliolowa ili ute wa ngozi yake usibanduke, kinywa hufunuliwa taratibu juu ya beseni, na mayai ya manjano humwagika. Huhamishiwa kwenye vyombo ambamo mkondo wa maji hupanda kutoka chini na kuyabingirisha bila kukoma, kama mama alivyokuwa akiyageuza kinywani. Kwa joto la nyuzi 28 hivi, huanguliwa kwa siku 3 hadi 5. Yanayogeuka meupe yamekufa, na huondolewa siku hiyohiyo kabla ukungu haujaenea kwa mazima.

Kifaranga akimaliza kiini cha yai alichozaliwa nacho, huanza kulishwa unga laini wenye protini nyingi, mara kadhaa kwa siku. Vituo vingi huwageuza vifaranga kuwa madume, kwa kuwa dume hukua haraka kuliko jike, na bwawa lenye jinsia zote mbili hujaa watoto wanaodumaa. Chakula huchanganywa na homoni iitwayo methiltestosteroni, kwa kawaida miligramu 60 kwa kilo, na hutolewa kwa siku 21 hadi 28 tangu mlo wa kwanza. Hapa msimamizi ana wajibu kwa watu wake kabla ya samaki: anayechanganya homoni huvaa glovu na barakoa, na maji ya matangi hayo hayaachiwi yaende mtoni ovyo.

Kambale huhitaji utaratibu mwingine. Jike hudungwa homoni, hukamuliwa mayai baada ya saa kumi au zaidi kidogo, na mayai huanguliwa ndani ya siku moja au mbili. Vifaranga wake hulana wao kwa wao, hivyo hupangwa upya kwa ukubwa mara kwa mara. Kituo kinachochelewesha kazi hiyo kwa wiki moja huhesabu wachache walioshiba mahali pa wengi.

Watumishi hugawanywa kwa kazi inayoeleweka: fundi wa uzalishaji, walishaji, wasafishaji wa matangi, mlinzi. Kila tangi huwa na mtu mmoja wa kuulizwa, maana tangi la watu wote halina mwenyewe. Zamu hukabidhiana kwa daftari ambamo huandikwa joto, chakula kilichotolewa, vifo na mayai yaliyokusanywa. Wahenga wa biashara walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Vifo vitatu leo, saba kesho na kumi na tano keshokutwa ni ugonjwa unaoonekana kwenye karatasi kabla haujaonekana tangini. Nyavu na ndoo za tangi moja haziendi tangi jingine kabla ya kuoshwa kwa dawa na kuanikwa juani.

Vifaranga wanaouzwa hawalishwi kwa siku nzima kabla ya safari, ili wasichafue maji njiani. Hufungwa katika mifuko ya plastiki yenye theluthi moja ya maji na theluthi mbili za oksijeni, nao husafirishwa asubuhi au jioni. Wakifika, mfuko huachwa uelee bwawani dakika 15 hadi 20 mpaka joto lilingane, ndipo hufunguliwa. Mnunuzi huelezwa hayo kwa mdomo kabla hajaondoka, kwani kifaranga akifa bwawani, lawama hurudi kituoni.

Liko jukumu la mwisho, na kwa bonde la Pangani ni zito. Sato, perege mwenye asili ya Mto Nile, hufugwa sana, lakini akitoroka huzaana na perege wenyeji. Utafiti wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2021 uliona mchanganyiko huo katika maziwa madogo ya kusini mwa Tanzania wanamoishi pia perege wa Korogwe, yaani Oreochromis korogwe. Kwa hiyo kila mfereji wa kutolea maji huwekewa wavu wa matundu madogo, na kukagua wavu huo ni kazi ya kila siku, si ya kila mwezi. Mabwawa ya 1949 yalikosa uangalizi yakapotea, na yanaweza kuchimbwa tena. Perege wa Korogwe akipotea, hakuna kitotoleshi cha kumrudisha.