Fahamu: Saoirse, jina lenye maana ya uhuru

Ukiliona limeandikwa, usilisome kama lilivyo. Saoirse hutamkwa "Sirsha" kwa Waayalandi wengine, "Sersha" au "Sorsha" kwa wengine. Hata wenyewe hawajakubaliana. Maana yake kwa Kigaeli ni uhuru, na lilianza kupewa watoto wa kike miaka ya 1920, Ayalandi ilipojitoa mikononi mwa Uingereza. Wakenya hawatashangaa: Uhuru Kenyatta alizaliwa 1961, bendera ya mkoloni ikiwa bado juu.

Anayejulikana zaidi duniani ni mwigizaji Saoirse Ronan. Ila mwenye kisa cha kuvutia, kwangu mimi, ni Saoirse McHugh, mwanaharakati wa mazingira kutoka kisiwa cha Achill, kaunti ya Mayo. Mwaka 2019 aligombea Bunge la Ulaya kwa tiketi ya Chama cha Kijani, na katika mdahalo wa runinga akambana mgombea Peter Casey kuhusu wahamiaji. Usiku mmoja tu, nchi nzima ikamjua. Kura hazikutosha.

Alikuwa ameonya kwamba chama chake kikiungana serikalini na vyama vikongwe, Fianna Fáil na Fine Gael, ataondoka. Mwaka 2020 kikaungana navyo. Akaondoka.