Kompyuta inavyosoma Kiswahili kwa sauti, na kwa nini inahitaji masikio yako

Hebu fanya jaribio dogo. Washa kompyuta yako, kisha punguza mwanga wa skrini mpaka kioo kiwe cheusi kabisa. Sasa fungua faili la somo la jana, nenda aya ya pili, usome sentensi ya kwanza. Huwezi, si ndiyo? Faili lipo, kibodi ipo, na maneno yapo. Kilichokosekana ni njia ya kuyafikia.

Hapa Dodoma suala hili liko jirani. Ukitoka mjini kwa barabara ya Morogoro unapita Buigiri, wilayani Chamwino, ambako kuna shule ya msingi ya wasioona iliyopokea watoto tangu miaka ya 1950. Mtoto anayejifunza kusoma pale kwa nukta nundu atakutana na kompyuta siku moja, iwe sekondari, chuoni au kazini. Itabidi kompyuta hiyo imsomee kwa sauti. Je, itamsomea Kiswahili kinachoeleweka, au itamlazimisha kubahatisha kila sentensi ya tatu?

Jibu liko ndani ya mafaili machache ya maandishi ambayo wewe unaweza kuyafungua leo, ukayasoma na hata kuyarekebisha. Tutayafuatilia kwenye Linux, kwa sababu huko kila hatua iko wazi, kuanzia kitufe unachobonyeza hadi sauti inayotoka kwenye spika.

Safari ya neno hadi sikioni

Kama una Ubuntu au Linux nyingine yenye mazingira ya GNOME, bonyeza kwa pamoja Alt, kitufe chenye nembo ya Windows, na S. Kompyuta itaanza kuongea. (Ukichoka, bonyeza hivyo hivyo tena, itanyamaza.) Unayemsikia ni Orca, kisoma skrini kilichoanza kutengenezwa miaka ya 2000 katika kampuni ya Sun Microsystems na sasa kinaendelezwa kama programu huria.

Orca haisomi picha ya skrini kama macho yako yanavyofanya. Kazi inapita mikono minne:

1. Programu unayotumia, tuseme LibreOffice, inatangaza ilicho nacho: "hapa pana kitufe, jina lake Hifadhi, hapa pana aya, maneno yake haya." Matangazo haya yanapita kwenye njia maalumu iitwayo AT-SPI.
2. Orca inasikiliza matangazo hayo na kuamua nini kisemwe sasa hivi na nini kiachwe.
3. Speech Dispatcher inapanga foleni. Ukibonyeza kitufe kingine katikati ya sentensi, ndiyo inayokatisha maneno ya zamani ili mapya yapite.
4. Injini ya sauti, mara nyingi eSpeak NG, inageuza maandishi kuwa sauti.

Kama unajifunza kuandika programu, kaa kidogo kwenye hatua ya kwanza. Ukiweka kitufe chenye picha ya pipa la taka bila kukipa jina, Orca haina pa kulitoa jina hilo. Mtumiaji atasikia neno "kitufe" tu, bila kujua kama kinahifadhi kazi yake au kinaifuta. Kuandika jina hilo ni mstari mmoja wa msimbo. Kabla hujatoa programu yako, washa Orca, zima skrini, jaribu kuitumia. Utajua ulipokosea ndani ya dakika tano.

Injini ndogo yenye lugha nyingi

Tuje kwenye hatua ya nne. eSpeak ilianzishwa na Jonathan Duddington wa Uingereza, mwaka 1995, kwa ajili ya kompyuta za Acorn. Baadaye aliiandika upya na kuileta Linux. Mwishoni mwa mwaka 2015 wanajamii waliichukua na kuiendeleza kwa jina la eSpeak NG. Leo ina lugha zaidi ya mia moja, Kiswahili kikiwemo, na yote hayo yanaenea kwenye megabaiti chache. Haihitaji bando, wala haihitaji kompyuta mpya.

Inawezekanaje? Injini nyingi za sauti hujengwa kutokana na saa nyingi za sauti ya mtu halisi. eSpeak NG kwa sehemu kubwa haina mtu. Inaijenga sauti kwa hesabu: vokali "a" inatofautiana na "i" kwa sababu mdomo na koo hukuza masafa fulani ya sauti na kufifisha mengine. Masafa hayo yanayokuzwa huitwa fomanti. Ukijua fomanti za kila sauti, na namna zinavyoteleza kutoka sauti moja kwenda nyingine, unaweza kuitengeneza upya bila kumrekodi mtu yeyote.

Matokeo yake yana mlio wa roboti, hilo hatulifichi. Lakini wasioona wengi waliozoea huipenda, kwa sababu unaweza kuiongezea kasi sana na bado maneno yakabaki yanasikika. Mtu anayesoma kurasa hamsini kwa siku anatafuta kasi kwanza, utamu wa sauti baadaye.

Kwa nini Kiswahili kinairahisishia kazi

Jaribu mwenyewe. Fungua terminali, andika:

sudo apt install espeak-ng
espeak-ng -v sw "Habari za Chamwino?"

Utasikia Kiswahili, na kinaeleweka. Kiingereza kingeipa injini hii shida kubwa zaidi, maana huko tahajia na matamshi viliachana zamani. Sisi tuna bahati. Vokali zetu ni tano, na kila moja inatamkwa ilivyoandikwa. Konsonanti nazo ni hivyo hivyo, pamoja na jozi chache kama "ch", "sh", "dh" na "ny". Mkazo nao karibu siku zote unaangukia silabi ya pili kutoka mwisho: ki-TA-bu, mwa-li-MU-ni, a-na-so-ME-wa. Ndani ya msimbo wa eSpeak NG kanuni hiyo ina jina STRESSPOSN_2R, yaani nafasi ya pili kuhesabu kutoka kulia. Neno moja hilo linabeba mkazo wa karibu lugha nzima.

Ukitaka kuona injini inavyofikiri, iambie ikuandikie sauti badala ya kuzitamka tu:

espeak-ng -v sw -x "mwalimuni"

Ukitumia -X kubwa, itakuonyesha hata kanuni ipi imetumika kwa kila herufi. Hiyo ndiyo raha ya programu huria: unaweza kuiuliza kwa nini imefanya ilichofanya, ikakujibu.

Inapoanza kujikwaa

"Karibu siku zote" haina maana ya siku zote. Angalia sehemu tatu ambazo mzawa wa Kiswahili anazivuka bila kufikiri, na mashine haiwezi.

Ya kwanza ni maneno yanayovunja kanuni ya mkazo. Wengi wetu tunatamka LA-zi-ma, hatusemi la-ZI-ma. Halafu kuna "barabara". Ya magari ni ba-ra-BA-ra. Ile yenye maana ya sawasawa ni ba-RA-ba-ra. Maandishi ni yale yale. Wewe unatambua kwa maana ya sentensi, ila injini inayofuata kanuni za herufi haijui sentensi inahusu nini.

Ya pili ni ng' ya ng'ombe. Hiki kialama juu ya g kina kazi kubwa: kinatenganisha sauti ya "ng'oa" na ile ya "ngoja". Tatizo ni kwamba kwenye kompyuta kuna vialama viwili vinavyofanana machoni, kile kilichonyooka (U+0027) na kile kilichopinda (U+2019), na programu nyingi za kuandikia hugeuza cha kwanza kuwa cha pili bila kukuuliza. Kwa mashine hizo ni herufi mbili tofauti. Kanuni iliyoandikwa kwa moja haiifahamu nyingine mpaka mtu aiandike. Majina ya hapa nyumbani yanaongeza uzito: Ng'hong'honha, jirani na Chuo Kikuu cha Dodoma, lina "ng'h" ya Kigogo ambayo Kiswahili chenyewe hakina. Mwanafunzi anayesikiliza ramani au orodha ya kata anastahili kulisikia jina hilo kama wenyeji wanavyolitamka.

Ya tatu ndiyo nzito kuliko zote: tarakimu. Soma kwa sauti: "watoto 2, vitabu 2, miti 2, magunia 2." Umesema wawili, viwili, miwili, mawili. Mashine inaona 2 ile ile mara nne, nayo inasema "mbili" mara nne. Katika Kiswahili, moja, mbili, tatu, nne, tano na nane hubeba upatanisho wa ngeli. Sita, saba, tisa na kumi hazibebi. Hata ndani ya namba kubwa sheria inaendelea: watoto 26 ni ishirini na sita, lakini watoto 25 ni ishirini na watano. Ili kusoma hivyo, injini ingepaswa kuangalia nomino iliyotangulia, kujua ngeli yake, kisha kuichagulia tarakimu umbo lake. Tena "mbuzi" haina dalili yoyote ya ngeli usoni, lakini mbuzi 8 ni mbuzi wanane, kwa kuwa ni kiumbe hai. Kinachotakiwa hapo ni sarufi kamili ya nomino, na kanuni za herufi hazifiki huko.

Unaweza kusema, "watoto mbili" si inaeleweka tu? Inaeleweka. Lakini mtoto anayejifunza Kiswahili sanifu kwa masikio peke yake, siku nenda siku rudi, anafundishwa kosa na chombo kile kile kinachomsaidia kusoma. Halafu kwenye mtihani wa lugha anatahiniwa juu ya upatanisho huo huo.

Pa kushika ili kutengeneza

Habari njema ni kwamba si lazima uwe mtaalamu wa sauti. Msimbo wote wa eSpeak NG uko wazi chini ya leseni ya GPL. Ukiupakua, ingia kwenye folda ya dictsource, utafute mafaili mawili: sw_rules, lenye kanuni za kugeuza herufi kuwa fonimu, na sw_list, lenye orodha ya maneno yanayokwenda kinyume na kanuni pamoja na matamshi ya tarakimu. Yote ni maandishi ya kawaida. Mstari wa kupeleka mkazo kwenye silabi ya kwanza unafanana hivi:

lazima $1

Ukishahifadhi, unaiunda upya lugha hiyo kwa espeak-ng --compile=sw, kisha unasikiliza. Fanyia kazi nakala yako uliyoijenga mwenyewe, ili usiharibu ile inayotumika kwenye mfumo. Tarakimu zenye upatanisho zitahitaji zaidi ya hapo, maana zinagusa msimbo wa C. Mwanafunzi wa informatiki akishirikiana na wa isimu wangepata hapo mradi mzuri wa mwaka wa mwisho.

Marekebisho yakikubaliwa huwa yanasafiri mbali. NVDA, kisoma skrini cha bure kinachotumika sana kwenye Windows, huja na eSpeak NG ndani yake. Simu za Android zinaweza kuiweka. Hata Piper, injini mpya inayotumia mitandao ya neva na yenye sauti ya Kiswahili cha Kongo, huitegemea eSpeak NG kugeuza maandishi kuwa fonimu kabla ya kuyatamka. Kanuni moja iliyonyooshwa Dodoma inaweza kusikika Goma.

Tahadhari moja kutoka historia. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux, uliohusisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulitoa Jambo OpenOffice, programu kamili za ofisi zenye menyu za Kiswahili. Ilikuwa kazi kubwa, na ilithibitisha kwamba inawezekana. Lakini programu haikai mahali pamoja. Kila toleo jipya linaleta maneno mapya, na mwaka 2010 LibreOffice ilizaliwa kutoka OpenOffice ikaendelea na safari yake. Tafsiri isiyo na watu wa kuifuata inaachwa nyuma. Kwa hiyo mchango mdogo unaorudiwa kila muhula una thamani kuliko tamasha moja la kuandika msimbo.

Pa kuanzia ni hapa. Chukua ukurasa mmoja wa kitabu cha darasa la tano, uupitishe kwenye eSpeak NG, usikilize ukiwa umefumba macho. Kila unaposhtuka, andika mambo matatu: neno, lilivyosomwa, na linavyopaswa kusomwa. Kisha, kabla hujatuma popote, mpe orodha hiyo mtu asiyeona anayetumia kisoma skrini, umwulize yapi kati ya hayo yanamsumbua kweli. Inawezekana kosa lililokukera wewe yeye alishalizoea, na lile uliloliona dogo ndilo linalompotezea muda kila siku. Yeye ndiye apange kipi kitangulie.