Puli ya Mota na Pampu Mpya ya Upepo

Chukueni daftari na penseli. Leo tutatumia kuzidisha na kugawanya katika kazi ya fundi wa matairi.

Mtambo wa kujaza upepo una mota, pampu na tangi. Mota ina puli ndogo, pampu ina gurudumu kubwa, na mkanda huviunganisha. Pampu ikichakaa, mafundi wengi hununua nyingine, huifunga, kisha huiacha puli ile ile ya zamani. Hapo ndipo hasara huingia, kwa maana kila pampu ina mwendo wake.

Kumbuka jambo hili: ukifunga puli kubwa kwenye mota, pampu huenda mbio. Ukifunga ndogo, pampu huenda polepole. Pampu ikienda mbio kupita kiasi, hupata moto, vali zake huharibika, na mota huelemewa hata kuungua. Ikienda polepole mno, nayo huharibika. Pampu nyingi hurusha oili ndani kwa mzunguko wake, na gurudumu huipuliza ipoe. Mwendo ukipungua sana, oili haifiki na ubaridi hautoshi.

Sasa soma vibao vya chuma. Tuseme kibao cha mota kinasema: mizunguko 1,450 kwa dakika, nguvu za farasi 3. Kibao cha pampu mpya kinasema: mizunguko isizidi 800, isipungue 450, ikienda 800 yataka nguvu za farasi 4. Pima gurudumu la pampu kwa kupitia katikati, pale mkanda unapokaa. Tuseme ni sentimita 29. Puli ya zamani ya mota ni sentimita 20.

Je, puli hiyo itafaa? Zidisha mizunguko ya mota kwa upana wa puli yake: 1,450 mara 20 ni 29,000. Gawanya kwa upana wa gurudumu la pampu, 29. Jibu ni 1,000. Pampu imewekewa mwisho wa 800. Kwa hiyo puli hiyo haifai.

Tutafute inayofaa. Zidisha mizunguko unayoitaka kwa upana wa gurudumu: 800 mara 29 ni 23,200. Gawanya kwa 1,450. Jibu ni sentimita 16.

Lakini usikimbilie dukani. Mwendo wa 800 wataka nguvu za farasi 4, na mota yako ina 3. Nguvu hupungua pamoja na mwendo. Basi chukua robo tatu ya 800, upate 600. Sasa 600 mara 29 ni 17,400. Gawanya kwa 1,450, upate sentimita 12. Hiyo ndiyo puli yako. Tangi litachukua muda zaidi kujaa, lakini mota yako itapona.

Kabla ya kufungua kitu chochote, kata umeme na utoe upepo wote katika tangi. Puli ikibadilika, huenda mkanda wa zamani usifae, pima upya. Nyosha uzi kuhakikisha puli na gurudumu viko katika mstari mmoja. Tazama mshale wa pampu, izunguke upande ulioonyeshwa. Rudisha kinga ya mkanda, isije ikanasa nguo au vidole. Na vali ya usalama ya tangi usiizibe kamwe: tangi likizidiwa laweza kupasuka na kuua mtu.

Swali la leo: kwa mota hiyo na pampu hiyo, rafiki yako akupa puli ya sentimita 8. Je, uifunge? Fanya hesabu kwanza, ndipo usome jibu.

Jibu: 1,450 mara 8 ni 11,600, gawanya kwa 29, upate 400. Ni chini ya 450. Mshukuru rafiki yako, lakini usiifunge.