Pikipiki za Eastlands: Tazama Tabia, Usitazame Sura

Sisi watu wa pwani tukitaja chombo huwaza kwanza jahazi. Lakini Eastlands, Nairobi, kuanzia Buruburu hata Umoja na Kayole, chombo kinachozungumzwa na vijana ni pikipiki. Wazee wetu waliiita tukutuku. Wao huiita nduthi. Wala si ile ya boda boda tu. Wapo wanaoweka akiba wapate ile ya kasi, iliyoinamisha kichwa kama mkimbiaji, yenye nguvu za kadiri, cc 400 hadi 700.

Mwaka 2008 Serikali ya Kenya iliondoa kodi ya VAT kwa pikipiki zisizofika cc 250, na zile ndogo zikafurika mitaani. Hizi za kadiri hazikuguswa na nafuu hiyo. Kwa hiyo mwenye mfuko mwembamba hutafuta iliyokwisha kutumika, naye sharti ajue anunuacho.

Niliketi katika gereji moja ya Buruburu nikiwasikiliza mafundi. Walinifunza kwamba pikipiki mbili zaweza kukaribiana kwa ukubwa wa injini zisikaribiane kwa tabia. Chukua Honda CBR600RR, yenye silinda 4 na cc 599. Nguvu zake hutoka hasa injini inapozunguka zaidi ya mara 10,000 kwa dakika. Hicho ni chombo cha uwanja wa mashindano. Mpandaji hulalia tangi, uzito umemwelemea viganjani, na akikwama katika msongamano wa Jogoo Road joto la injini humchoma mapaja.

Sasa tazama Kawasaki Ninja 650 au Suzuki SV650. Silinda ni 2 tu na nguvu ni pungufu, lakini huja mapema. Mpandaji huvuta mafuta kidogo, nayo huondoka bila ya kishindo. Penye matuta na mashimo, upole huo ndio utajiri.

Ama kukata kona, mgeni hudhani ni kuzungusha usukani. Sivyo. Pikipiki ikishika mwendo husukumwa mkono wa upande uendao: sukuma wa kushoto, nayo huinamia kushoto. Mwili hujifunza jambo hili kabla ya akili, kama baharia anavyojifunza kuegemea ngalawani.

Kijana mmoja aliniambia, "Mzee, silinda 2 si ya kiume." Nikamwuliza: uanaume ni kufika au kuonekana? Mjini sheria haimruhusu kupita kilomita 50 kwa saa, na kwa mwendo huo yeye hukata karibu mita 14 kwa sekunde 1. Akiuzidisha mwendo mara mbili, masafa ya kusimama kwa breki huwa mara nne. Mtoto anayevuka Outer Ring Road kwenda shule haijui hesabu hiyo. Aliyepanda ndiye apasaye kuijua.

Husemwa ajali haina kinga. Naam, lakini kichwa kina kinga, nayo ni kofia ngumu, ambayo sheria yawataka mpandaji na abiria wake waivae. Basi mnunuzi na atenge kwanza fedha za kofia, glovu, tairi na breki nzuri. Kitakachobakia ndicho anunulie injini. Akihesabu hivyo, huenda akajikuta kwenye silinda 2, na mamake akapata usingizi.