Pipa la Karatasi Uwanjani pa Kanisa: Nini Kitiwe Humo, na ni Mali ya Nani?

Baadhi ya parokia huweka mapipa ya kukusanyia karatasi chakavu katika viwanja vya kanisa. Yafaa tueleze karatasi hizo huenda wapi, na kwa nini jambo hilo linalihusu Kanisa.

Hayati Baba Mtakatifu Francisko, katika Waraka wake wa Kitume “Laudato si’” wa mwaka 2015, alisikitika kwamba sehemu kubwa ya karatasi zinazotengenezwa hutupwa pasipo kurejelezwa. Katika kifungu cha 211, alitaja kupunguza matumizi ya karatasi na kutenganisha taka kati ya matendo madogo ya kila siku ya kutunza uumbaji.

Kiwandani, karatasi chakavu huloweshwa na kukorogwa majini hata ziwe rojo. Rojo hiyo huchujwa ili kuondoa pini, gundi na plastiki, wino huoshwa, kisha hukamuliwa na kukaushwa iwe karatasi mpya, maboksi au karatasi za chooni. Nyuzi zake hufupika kila zirejelezwapo, hivyo kwa kawaida hazizidi mizunguko 5 hadi 7.

Katika pipa yatiwe magazeti, madaftari, bahasha na maboksi yaliyokunjuliwa. Visitiwe vifungashio vyenye mafuta ya chipsi au maandazi, tishu zilizotumika, wala pakiti za maziwa zenye utando wa plastiki. Karatasi zilizolowa huota ukungu na kuziharibu zilizo kavu. Kwa hiyo pipa liwe na mfuniko, na wakati wa masika likae chini ya paa.

Ofisi za parokia nazo ziwe na uangalifu. Vitabu vya Ubatizo na Ndoa, hata vikichakaa, havitupwi kamwe: Kanuni ya 535 ya Sheria za Kanisa yaagiza vitunzwe. Vitu vilivyobarikiwa kwa ajili ya ibada vyastahili heshima, kadiri ya Kanuni ya 1171; kwa desturi, vikichakaa huteketezwa kwa moto au huzikwa ardhini. Nazo karatasi zenye siri za watu, kama kadi za zahanati, zichanwechanwe kwanza.

Lipo jambo moja linalotugusa zaidi. Kabla ya mapipa kuwekwa, karatasi na maboksi ya mitaani yalikuwa riziki ya akina mama na vijana wanaoyaokota na kuyauza kwa kilo. Parokia ikilitia pipa kufuli na kuuza yenyewe, yaweza kumnyima maskini mkate wake kwa jina la kutunza mazingira. Torati iliwaamuru wenye mashamba wasivune hata pembezoni, bali wawaachie maskini na wageni (Law 19:9-10).

Tunashauri, basi, kwamba Halmashauri ya Walei iketi na waokotaji hao kabla pipa halijawekwa, iwasikilize, na ikiwezekana iwakabidhi wao kazi ya kulihudumia na kuuza kilichomo. Pale parokia inapobaki na sehemu ya mapato, yatangazwe hadharani kama zinavyotangazwa sadaka. Hapo ndipo utunzaji wa nyumba yetu ya pamoja utakapokwenda sambamba na haki kwa wakaao ndani yake.